Kompyuta isiitwe chakavu kabla haijafunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wakuu wa shule, bodi za shule na maofisa ugavi wa halmashauri zetu kuhusu kompyuta za mezani zinazoondolewa madarasani na maofisini kwa jina la "chakavu". Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Ufundi nilisomea VETA, na riziki yangu na ya wanangu inatoka kwenye bisibisi. Tangu Oktoba 2025 naletewa kompyuta nyingi kuliko zamani, lakini haziletwi kutengenezwa. Naulizwa tu: "Mama, kwa hizi zote utatupa shilingi ngapi?" Nikizifungua, nyingi ni nzima. Hili linaniuma, ndiyo maana naandika.

Sababu ninayopewa ni ile ile: Windows 10 imeisha. Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya mfumo huo walioutoa Julai 2015. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inataka, kwa upande wa kampuni ya Intel, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha 8 na kuendelea, na kizazi hicho kilianza kuuzwa 2017. Inataka tena chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Mashine ya 2012 haina sifa hizo. Basi ofisini inaandikwa "haikidhi", kikao kinakaa, orodha inasainiwa, na chumba kizima cha kompyuta kinapakiwa kwenye kirikuu kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma. Aliyesaini hakuona ndani ya boksi hata moja.

Nitoe mfano wa sekondari moja ya kata, nje kidogo ya mji, ambayo sitaitaja. Maabara yao ina Dell OptiPlex 7010, mashine zilizotoka kiwandani kuanzia 2012, zikatumika Ulaya, kisha zikaletwa na wafadhili. Nyingi zina prosesa ya Core i3-3220, chache i5-3470. Mwalimu wa TEHAMA alikuwa akiziwasha wakati wa mapumziko ili zikute kipindi. Zikishawaka, mwanafunzi anabonyeza Word, anasubiri, anabonyeza tena, mashine inaganda. Watoto walikuwa wanasongamana kwenye zile chache zenye unafuu. Bodi ilikuwa imekwisha kukubaliana kuziondoa zote na kuomba mpya, ombi ambalo kwa mfuko wa shule ile lingechukua miaka.

Niliomba mashine moja tu, ile waliyoiita mbovu kuliko zote. Ndani feni ilikuwa imevaa vumbi, na diski ilikuwa ya zamani, ya gigabaiti 250. Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo uamuzi mwingi unapoharibika. Diski ya aina ile ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono unaokwenda na kurudi kutafuta data. Kitu kikitakiwa mahali pengine, mkono unasogea, halafu unasubiri sahani izunguke mpaka panapohusika. Kwa mwendo huo inaweza kujibu maombi mia moja hivi ya hapa na pale kwa sekunde. Windows ya leo ikiwaka inaita maelfu ya mafaili madogo madogo: kinga ya virusi inakagua, masasisho yanajishusha, kivinjari kinatafuta kumbukumbu zake. Prosesa imekaa bure, kama karani hodari anayeletewa mafaili na tarishi mmoja mzee anayepanda ngazi kwa kila faili. Mtumiaji anaona kompyuta nzito, anaamini prosesa imezeeka. Anayelaumiwa si mwenye kosa.

SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala mkono. Data zimo kwenye chipu, na maombi yale yale ya hapa na pale inayajibu kwa makumi ya maelfu kwa sekunde. Niliweka SSD ya gigabaiti 240, ya inchi 2.5, ya SATA, yaani inayotumia plagi ile ile ya diski ya zamani. Waya wa data na wa umeme nilizichukua kwenye sehemu ya DVD ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia. SSD ni nyepesi na ndani yake hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hata kishikio maalumu si lazima. Tepu ya pande mbili inatosha. Nikaongeza RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, kutoka gigabaiti 4 hadi 8, nikasafisha feni, nikabadilisha pasta ya kupoza prosesa iliyokuwa imekauka, nikapiga mfumo upya. Mwalimu aliiwasha akiwa amesimama, akavuta kiti, na kabla hajakaa sawasawa ukurasa wa kuingilia ulikuwa umefunguka. Prosesa ni ile ile ya 2012. Mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ni ile ile. Fedha iliyotumika kwa mashine kumi za mwanzo isingenunua kompyuta mpya mbili.

Kuna mashine nyingine pale zilikuwa zimeandikwa kwa makapeni "haziingii intaneti". Tatizo lilikuwa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi. Betri hiyo ikifa, kompyuta inasahau tarehe kila umeme unapokatika, inarudi miaka ya nyuma. Tovuti nyingi sasa zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kikikuta tarehe ya kompyuta hailingani navyo, kinakataa kufungua. Wanafunzi walikuwa wanakosa somo kwa betri inayopatikana dukani kwa bei ya soda mbili.

Sisi wa pwani tuna adui wetu, hewa ya chumvi. Inaacha utando kwenye meno ya RAM, kompyuta ikiwashwa inalia bila kuonyesha kitu kwenye skrini, na mtu anaandika "imeungua". Dawa yake ni kuchomoa RAM, kuisugua taratibu kwa kifutio cha penseli kwenye yale meno ya rangi ya dhahabu, kuipangusa kwa spiriti safi na kuirudisha. Nimefufua mashine kwa kifutio huku mwenyewe akiwa amekwisha kuipangia bei ya chuma.

Prosesa nayo inabadilishika. Kwenye soketi inayokaa i3-3220 yenye viini viwili inaingia i5-3470 au i7-3770 zenye viini vinne, na hizi za mtumba zinapatikana. Lakini kwa mwanafunzi anayejifunza kuandika barua na kupanga jedwali sioni haja. Nilifanya hivyo kwa mashine ya mwalimu peke yake, anayehariri video za masomo. Kadi za kuonyeshea picha kwenye skrini vilevile: ukihitaji, tafuta inayotosheka na wati 75 za mazabodi, na upime kimo chake kama boksi lako ni lile jembamba.

Sasa niseme na wale watakaokwenda kununua vipuri, maana njia hii ina mitego na fedha ya umma ikipotea mara moja hakuna atakayeidhinisha tena. OptiPlex 7010 inatumia RAM ya aina ya DDR3. DDR4, ya kizazi kinachofuata, haiingii, mwanya wake uko mahali pengine, na asijaribu mtu kuilazimisha. RAM za seva, zile za "registered ECC", zinauzwa rahisi na kwa macho zinafanana na za kawaida, lakini kompyuta ya mezani ya namna hii haiwaki nazo. Ziko pia RAM za DDR3 za bei ya kuvutia ambazo zinakubali mazabodi za AMD tu, mshindani wa Intel. Ukiweka kwenye mashine ya Intel unapata giza. Mwambie muuzaji jina kamili la mashine na udai haki ya kurudisha.

Kwenye SSD, usidanganywe na mbio za NVMe, aina mpya zaidi ya SSD. Zina kasi kweli, na kuna adapta za kuziweka kwenye kompyuta za zamani, lakini bayosi, programu ya ndani inayoiwasha mashine, ya kompyuta za wakati ule haijui kuanzia mfumo kwenye NVMe. Utalipa zaidi upate kitu kisichowaka. Chukua ya SATA. Halafu ijaribu kabla ya kuipokea: sokoni kuna SSD na flashi bandia zilizoandikwa ukubwa ambao hazina, zinapokea mafaili yako na kuyafuta yenyewe zikijaa. Programu ya bure ya H2testw inaijaza diski yote na kusoma tena kilichoandikwa; kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, iko F3 inayofanya kazi hiyo hiyo. Inachukua muda. Ufanyike.

Na pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi. Mashine nyingi za kampuni kubwa zina plagi za kwao wenyewe. OptiPlex 9020 ya 2013, kwa mfano, inatumia plagi kuu ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haichomeki bila waya wa kubadilishia. Fundi asiyelijua hili ataandika "mazabodi imekufa" kwa sababu hakupata ya kujaribia.

Nirudi kwenye Windows, kwa sababu najua swali linalofuata. SSD haifanyi prosesa ya kizazi cha 3 ikubalike kwa Windows 11. Ziko njia za panya za kuipiga kwa nguvu, vijana wengi wanazijua, na nyingi zinafanya kazi leo. Kwa kompyuta ya mtu binafsi ni hiari yake. Kwa shule sipendekezi, kwa kuwa Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyopigwa hivyo, na siku ikigoma darasa zima litagoma pamoja. Zile za Core 2 Duo, prosesa za Intel za zamani zaidi, hata kwa njia ya panya hazipiti tena: toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 linahitaji maagizo ya prosesa ambayo Core 2 hazikuumbwa nayo.

Shule ile tuliiwekea Linux Mint, aina moja ya Linux, karibu mashine zote. Toleo la 22 limejengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Ubuntu, toleo la 24.04, na litapata masasisho hadi 2029, bila malipo ya leseni. Lina LibreOffice ya kuandikia barua na kupangia jedwali, kivinjari, na programu za kuchorea na za kujifunzia kutunga programu za kompyuta. Mwalimu wa TEHAMA alikuwa na hoja nzito na sikuipuuza: ofisi nyingi watakazoajiriwa vijana hawa zinatumia Word na Excel, na mtoto asifike huko akiwa mgeni. Kwa hiyo baadhi ya mashine tulibaki na Windows 10. Wenye leseni za elimu wanaweza kulipia masasisho ya usalama ya ziada: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 mwaka wa tatu. Dola saba kwa miaka mitatu. Nashangaa ni wakuu wa shule wangapi wameambiwa habari hii kabla ya kutakiwa kusaini orodha ya kuondoa.

Si kila kitu kinafaa kuokolewa, na fundi anayesema vyote vinafaa anatafuta kazi tu. Mimi mstari wangu nauchora kwenye mashine zenye RAM ya DDR2, iliyotangulia DDR3. Mashine za aina ya OptiPlex 755 ya 2007 na wenzake, hata ukizipa SSD, hazitampa mwanafunzi wa leo kivinjari chenye unafuu, na kila shilingi utakayozitia ingefanya kazi zaidi kwenye mashine ya miaka mitano mbele yake. Mazabodi yenye kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovimba kichwani, nayo siitengenezei shule. Monita zile zenye mgongo mrefu zina madini ya risasi kwenye kioo. Zitoke, lakini zisiende jalalani. Hata hizo mbovu naomba chache zibaki mezani kwa ajili ya wanafunzi kufungua na kufunga. Mtoto akishachomoa RAM kwa mkono wake hatatishwa tena na boksi hili maisha yake yote.

Nimesikia wanaosema kwamba kuhudumia mashine za zamani ni kukubali kugeuzwa jalala la Ulaya. Nauheshimu wasiwasi huo, na mimi pia ninao. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki ya 2024 ilisema mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki zinazovuka mpaka, ziwe za hatari au la, zisisafirishwe bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Vema sana, na bandarini wakaze. Lakini hizi ninazozungumzia zimekwisha kuingia. Ziko Tanga, Muheza, Korogwe, kwenye meza zetu. Tukizitupa zikiwa nzima, tunatengeneza taka sisi wenyewe, na najua zinakoishia: vijana wadogo wanachoma waya kupata shaba, moshi mweusi unaingia vifuani mwao, na boksi lililobaki linauzwa kwa kilo. Kilo! Mashine ambayo ingeweza kumfundisha mtoto inapimwa kwa uzito wa bati lake.

Jambo jingine linanitia hofu kuliko hata moshi. Diski. Nimeletewa mashine za ofisi zilizouzwa kama chakavu zikiwa na kila kitu ndani: matokeo ya wanafunzi, barua za nidhamu za watumishi, orodha za mishahara. Mimi nilizifuta. Si kila mnunuzi atafuta. Diski itolewe na kusafishwa au kutobolewa kabla boksi halijavuka geti, na jina la aliyefanya hivyo liandikwe kwenye orodha.

Nchi yetu ina historia na mashine hizi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kwenda mrama. Wazee waliokuwa kazini enzi hizo wanakumbuka jinsi kompyuta ilivyokuwa kitu cha wataalamu wachache, wengi wao wageni. Leo kompyuta zipo hadi sekondari za kata, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka nyingine kwenye shule za umma. Tunachohesabu bado ni idadi ya mashine zilizokabidhiwa siku ya kupiga picha. Fungu la betri, SSD na RAM miaka mitano baadaye silioni kwenye bajeti ninazoonyeshwa. Kuna fedha za kununua na utaratibu wa kuondosha, katikati hapana kitu.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kidogo. Hakuna kompyuta iandikwe chakavu mpaka fundi aliyeifungua aandike kilichokufa: diski, RAM, betri, pawa saplai au mazabodi, na gharama ya kukibadilisha. Karatasi hiyo iambatane na orodha inayopelekwa kwenye kikao. Fundi huyo asiwe ndiye mnunuzi wa mashine hizo. Nasema hivi nikijua kwamba mimi pia ninanunua. Shule zisizo na fundi zina vyuo vya VETA jirani, vyenye vijana wanaotafuta mashine za kufanyia mazoezi.

Na mkuu wa shule anayesoma barua hii asisubiri waraka. Achukue mashine moja iliyo kwenye orodha yake, asome stika ya prosesa au aombe mwalimu wa TEHAMA amtazamie kwenye mfumo. Kwa hizi za Core i zenye namba ya tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i3-3220 ni cha 3, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8, na hiyo ya 8 inaweza kabisa kupokea Windows 11, nimeikuta kwenye rundo la chakavu. Kama ni ya kizazi cha 2 kuendelea, anunue SSD moja ya SATA na RAM moja ya aina yake, aweke, aiwashe mbele ya bodi nzima pembeni ya nyingine ambayo haijaguswa, kisha wajumbe wapige kura.

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga